Mkojo unatoka vizuri, mbona kipimo kinasema figo zimepungua nguvu?

Swali: "Mimi ni mwanamke wa miaka 54, nina presha kwa miaka kama kumi sasa. Mwezi uliopita nilipima, kreatinini ikawa 106. Karatasi yenyewe inasema kiwango cha kawaida ni 60 hadi 110, lakini chini yake pameandikwa eGFR 54 na daktari akaniambia figo zimepungua nguvu. Mkojo wangu unatoka vizuri, tena mwingi, hata usiku naamka mara mbili. Kama figo ni chujio na limeanza kuziba, si mkojo ungepungua? Na nikinywa maji lita nne au tano kwa siku, si litaoshwa?"

Jibu: Kreatinini ni taka ya misuli inayopimwa kwenye damu (kwa maikromoli kwa lita), na eGFR ni makadirio ya uchujaji wa figo yanayotokana nayo; namba hizo tutazifikia. Kilichokuchanganya ni neno "chujio". Chujio la kawaida unalijua: takataka hubaki juu, kilicho safi hushuka. Likiziba, kinachoshuka hupungua. Ukilimwagia maji, linazibuka. Kwa picha hiyo maswali yako yote mawili yana mantiki. Tatizo ni kwamba figo haifanyi kazi hivyo. Yenyewe humwaga karibu kila kitu kidogo kilichomo kwenye maji ya damu, kizuri kwa kibaya, halafu huanza kuokota vile ambavyo mwili bado unavitaka na kuvirudisha. Kisichookotwa ndicho mkojo. Kwa hiyo wingi wa mkojo haukuambii figo imechuja kiasi gani. Unakuambia tu tofauti kati ya kilichomwagwa na kilichorudishwa, na hizo ni hesabu mbili kubwa mno kuliko mkojo wenyewe.

Tuanze na hesabu hizo. Figo mbili kwa pamoja zina uzito wa gramu 300 hivi, lakini hupokea zaidi ya lita moja ya damu kila dakika, yaani karibu moja ya tano ya yote inayosukumwa na moyo, wakati mwingine robo. Hakuna namna nyama ya gramu 300 ingehitaji damu yote hiyo kwa kula na kupumua kwake. Nyingi imekuja kusafishwa na kuondoka. Ukitoa seli, katika damu hiyo unabaki na mililita 600 hivi za plazima, yale maji ya manjano yanayobeba seli, na katika hizo kama mililita 125 husukumwa nje ya mishipa na kuingia kwenye mirija ya figo. Mililita 125 kwa dakika ni lita 180 kwa siku. Mwili mzima una plazima ya lita tatu tu, maana yake plazima ile ile hupita hapo kama mara 60 kwa siku. Na wewe unakojoa lita moja na nusu, au mbili. Kama asilimia 99 imerudishwa.

Kazi hii hufanywa na nefroni, ambazo kwa wastani ni kama milioni moja katika kila figo, ingawa watu hutofautiana sana. Zote hutengenezwa kabla ya kuzaliwa, na ikifa moja haioti nyingine. Kila nefroni ina sehemu mbili: fundo la kapilari liitwalo glomeruli, lililokaa ndani ya kikombe cha Bowman, na mrija mrefu uliojipindapinda unaoanzia kwenye kikombe hicho.

Fundo hilo lina jambo moja lisiloonekana karibu popote pengine mwilini. Kapilari za kawaida hupokea damu kutoka kwenye ateri ndogo na kuitoa kwenye vena, kwa hiyo shinikizo ndani yake ni dogo. Kapilari za glomeruli zimebanwa kati ya ateri ndogo mbili, moja ya kuingizia damu na nyingine ya kuitolea, kama bomba lenye koki pande zote mbili. Ukifungua ya kuingizia na kukaza ya kutolea, shinikizo la katikati linapanda. Kwa kawaida huwa kama milimita 60 za zebaki. Protini za damu huvuta maji yasitoke kwa nguvu ya kama 32, na maji yaliyokwisha kuingia kwenye kikombe hurudisha msukumo wa kama 18. Toa: zinabaki 10 tu. Uchujaji wote wa lita 180 unasukumwa na hizo kumi. Ndiyo sababu mtu akivuja damu nyingi au akiharisha sana mpaka presha ikaanguka, figo ni kati ya viungo vinavyosimama mapema. Na ndiyo sababu dawa zinazochezea koki hizi mbili zina uzito mkubwa kwa figo, nitazirudia.

Ukuta wa fundo una tabaka tatu. La kwanza lina matundu mapana ya nanomita 70 hadi 100, ya kutosha kuzuia seli za damu tu. La pili ni utando mzito kama wavu uliosukwa. La tatu ni seli zinazoitwa podositi, zenye vidole vinavyoingiliana na kuacha nyufa nyembamba. Maji, chumvi, sukari, urea (taka ya protini) na kreatinini hupita bila kizuizi. Albumini, protini kubwa ya damu, huzuiwa kwa ukubwa wake na pia kwa chaji yake hasi, kwa sababu ukuta nao una chaji hasi na humsukuma aliye kama yeye. Albumini ikionekana kwenye mkojo kwa wingi, ujue ukuta huo ndio uliojeruhiwa. Kipimo hiki tutakihitaji kwako kuliko hata kreatinini.

Kuokota ndiyo kazi kubwa

Ndani ya lita 180 zilizochujwa mna sodiamu inayolingana na karibu kilo moja na nusu ya chumvi ya mezani. Kila siku. Mna pia glukosi kama gramu 180. Vingepotea vyote hivyo, mtu asingemaliza saa moja.

Sehemu ya kwanza ya mrija hurudisha karibu theluthi mbili ya maji na sodiamu, glukosi yote, amino asidi karibu zote, na sehemu kubwa ya bikabonati, kitu kinachopunguza asidi ya damu. Glukosi ina wabebaji wake maalumu kwenye ukuta wa mrija, na idadi yao ina kikomo. Sukari ya damu ikizidi kama milimoli 10 kwa lita (miligramu 180 kwa desilita), wabebaji hujaa na inayobaki huenda na mkojo, ikivuta maji pamoja nayo. Mgonjwa wa kisukari kisichodhibitiwa hukojoa sana na kiu humshika kwa sababu hiyo. Figo zake huenda ni nzima kabisa wakati huo.

Kisha mrija hushuka ndani kabisa ya figo na kupanda tena. Huu ni mpindo unaoitwa kitanzi cha Henle, na kwa maoni yangu ndio ufundi mkubwa kuliko wote. Upande unaopanda husukuma chumvi nje ya mrija lakini ukuta wake haupitishi maji hata kidogo. Chumvi hiyo, pamoja na urea, hujikusanya kwenye nyama ya ndani ya figo mpaka ukali wake ukafikia miliosmoli 1,200 kwa lita (miliosmoli ni kipimo cha wingi wa vitu vilivyoyeyuka), wakati damu ina kama 290. Baadaye mfereji wa kukusanyia mkojo unapita katikati ya eneo hilo lenye chumvi kali ukielekea chini. Kuta za mfereji zikifunguliwa, maji huvutwa kutoka ndani yake na mkojo hutoka mchache na mkali. Zikifungwa, maji hubaki ndani na mkojo hutoka mwingi na mwepesi kama maji.

Anayefungua ni homoni iitwayo vasopresini, itokayo kwenye ubongo. Ukali wa damu ukipanda kwa asilimia moja au mbili tu, homoni hiyo huachiliwa na kiu huamka. Ukinywa glasi mbili za maji, homoni hukatika na ndani ya saa moja hivi unakwenda msalani. Hivyo ndivyo kiasi cha maji mwilini kinavyolindwa bila wewe kukifikiria.

Sasa turudi kwenye mkojo wako wa usiku. Kwa siku mtu huzalisha taka na chumvi za kutolewa zenye jumla ya kama miliosmoli 600. Figo yenye uwezo wa kukaza mkojo mpaka 1,200 inaweza kuzitoa zote kwa nusu lita. Figo iliyopoteza ufundi huo, ambayo mkojo wake haupandi zaidi ya 300, inahitaji lita mbili kutoa mzigo ule ule, na usiku haiwezi kupumzika. Kuamka usiku kukojoa ni dalili inayojulikana ya figo zinazochakaa, na wengi huifurahia wakidhani ni ishara ya uzima. Ila kwa eGFR 54 sithubutu kusema hiyo ndiyo sababu. Huenda ni dawa ya presha ya kukojosha unayomeza jioni badala ya asubuhi, au miguu inayovimba mchana na maji yake kurudi kwenye damu ukilala, au sukari. Pima sukari kabla ya kulaumu figo.

Na swali lako la mkojo kutopungua linajibiwa na hesabu rahisi. Chukua mgonjwa ambaye uchujaji wake umeporomoka mpaka mililita 20 kwa dakika. Huyo ni mgonjwa kwelikweli. Bado anachuja karibu lita 29 kwa siku. Kutoa lita mbili kati ya 29 si kazi. Nefroni chache zilizobaki hurudisha sehemu ndogo kuliko zamani, na mkojo unabaki ule ule kwa wingi. Mkojo huanza kupungua mwishoni kabisa, au pale figo zinaposhambuliwa ghafla.

Mbali na maji

Mwishoni mwa mrija hufanyika marekebisho madogo yenye matokeo makubwa. Hapo homoni ya aldosteroni huamuru sodiamu irudishwe na potasiamu itupwe. Potasiamu ya damu hutakiwa kukaa kati ya milimoli 3.5 na 5 kwa lita, na nafasi ya kukosea ni ndogo kwa sababu umeme wa moyo unaitegemea. Ikipita 6.5 moyo unaweza kwenda ovyo au kusimama bila onyo lolote la maumivu. Figo zikichoka sana, hiki ndicho kinachoua haraka kuliko taka zenyewe.

Hapo hapo hutolewa asidi. Mapafu hutoa kaboni dayoksaidi, lakini asidi zitokanazo na kuvunjwa kwa protini haziwezi kupumuliwa nje. Ni kama milimoli 50 hadi 100 kwa siku, na njia yake ni figo tu. Figo hutengeneza amonia ya kuzibeba, na kurudisha bikabonati kwenye damu, ili pH ya damu, yaani kipimo cha asidi yake, isitoke kati ya 7.35 na 7.45.

Halafu kuna kazi ambazo hazihusu mkojo hata kidogo. Figo hutoa homoni ya erithropoyetini inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu, huikamilisha vitamini D ili utumbo uweze kufyonza kalisi, na hutoa renini inayopandisha presha. Mgonjwa wa figo anayepungukiwa damu hana lazima amevuja damu popote. Amri ya kuitengeneza ndiyo haifiki.

Renini inastahili maelezo zaidi kwa mtu mwenye presha kama wewe. Mrija wa kila nefroni, baada ya kushuka na kupanda, hurudi na kuligusa fundo lile lile ulikoanzia. Hapo pana seli chache zinazoonja chumvi iliyofika. Chumvi ikiwa nyingi, seli hukisia kwamba uchujaji umezidi, nazo hukaza koki ya kuingizia damu. Ikiwa kidogo, hulegeza koki hiyo na renini inamwagwa. Mwisho wa mnyororo wake ni anjiotensini, ambayo hukaza mishipa ya mwili mzima na hasa koki ya kutolea damu, kisha huiita aldosteroni irudishe sodiamu. Kwa mfumo huu figo hulinda uchujaji wake presha ikibadilika huku na huko, na mtu mzima hahisi lolote.

Mfumo huo huo huweza kudanganywa. Kwenye kisukari, mwanzo wa mrija huokota sukari nyingi, na sukari hurudi ikiwa imeshikana na sodiamu. Chumvi inayofika kwenye seli za kuonja inakuwa kidogo, zinadhani uchujaji umepungua, zinafungua koki ya kuingizia, na fundo linapigwa na shinikizo lisilo lake kwa miaka. Katika hatua hii eGFR huweza kuonekana nzuri kupita kiasi, 130 au zaidi, na mgonjwa anapongezwa. Dawa mpya za kisukari za kundi la dapagliflozini na empagliflozini huwazuia wale wabebaji wa sukari, chumvi inafika kwenye seli za kuonja, koki inakazwa. Leo hutumika pia kwa wagonjwa wengi wa figo wasio na kisukari.

Kwa nini 106 ni "kawaida" na si kawaida

Kreatinini ni taka ya misuli. Misuli huizalisha kwa kiasi kisichobadilika sana siku hadi siku, hupita kwenye fundo bila kizuizi, na haiokotwi. Kwa hiyo uchujaji ukipungua nusu, kreatinini hupanda mpaka itakapokuwa mara mbili, hapo ndipo inayotoka hulingana tena na inayozalishwa. Sasa angalia ujanja wa hesabu hii. Mwanamke mwenye kreatinini ya 55 akipoteza nusu ya uchujaji wake wote anafika 110. Kwenye karatasi yako bado yumo ndani ya mstari. Akipoteza nusu ya kilichobaki anafika 220 na kila mtu anashtuka, ingawa mporomoko mkubwa ulipita zamani bila kelele.

Tena kiwango cha 60 hadi 110 kimechanganya wenye misuli mingi na wenye misuli michache. Ndiyo maana maabara huweka hiyo eGFR, yaani makadirio ya uchujaji kwa mililita kwa dakika, yanayozingatia umri na jinsia. Kwa kanuni inayotumika sasa, kreatinini ya 106 kwa mwanamke wa miaka 54 inatoa 54. Namba hiyo hiyo 106 kwa kijana wa kiume wa miaka 25 inatoa kama 86. Daktari wako hakukosea, wala karatasi haikudanganya. Ni mistari miwili inayopima mambo tofauti.

Ila usihukumu kwa kipimo kimoja. Sahani kubwa ya nyama iliyopikwa saa chache kabla ya kutoa damu hupandisha kreatinini. Unga wa kreatini wa wanaojenga misuli hufanya vivyo hivyo, na dawa ya trimethoprimu huzuia kreatinini kidogo kutoka bila kuugusa uchujaji wenyewe. Kuharisha siku hiyo nako kunatosha. Ugonjwa sugu wa figo hautajwi mpaka kasoro idumu miezi mitatu au zaidi, na hatua zake ni hizi: kuanzia 90 kwenda juu ni ya kwanza na 60 hadi 89 ni ya pili, zote mbili zikihesabiwa ugonjwa pale tu penye dalili nyingine ya jeraha kama albumini, 30 hadi 59 ni ya tatu, nayo hugawanywa penye 45, 15 hadi 29 ni ya nne, chini ya 15 ni ya tano.

Kipimo ninachotaka ukadai, kama hakijafanyika, ni uwiano wa albumini na kreatinini kwenye mkojo. Mkojo wa kwanza wa asubuhi unatosha, huna haja ya kubeba dumu la saa 24. Chini ya miligramu 3 kwa milimoli (au 30 kwa gramu, maabara nyingine huandika hivyo) ni kawaida. 3 hadi 30 imepanda. Zaidi ya 30 ni nyingi. Watu wawili wenye eGFR 54 wanaweza kuwa na safari tofauti kabisa: mwenye albumini chini ya 3 mara nyingi hukaa hapo kwa miaka mingi, mwenye 80 anateremka. Povu zito lisilopotea juu ya mkojo linaweza kuwa dalili yake, lakini povu pia huletwa na kasi ya mkojo tu, kwa hiyo usipime kwa macho.

Sababu ya kuteremka iko kwenye ule ukweli kwamba nefroni hazioti tena. Zikifa nusu, zilizobaki hupanuka na kuchuja zaidi. Mtu anayetoa figo moja kumpa ndugu yake habaki na nusu ya uchujaji. Iliyobaki hukua mpaka anafikia kama asilimia 70 ya alichokuwa nacho, na kwa mtu mzima wa afya hilo si tatizo. Lakini nefroni zikifa kwa presha au sukari, na presha na sukari zikiendelea, zile zinazobeba mzigo wa wenzao ndizo zinazofuata kupasuka. Kupunguza shinikizo ndani ya fundo ndiyo tiba.

Maji, dawa, na vya kukwepa

Kunywa lita tano hakuoshi kitu, kwa sababu hakuna kilichoziba. Makovu kwenye mafundo hayayeyuki kwa maji. Jaribio la Kanada lililochapishwa mwaka 2018 liliwachukua wagonjwa wa hatua ya tatu, wengine wakahimizwa kuongeza maji na wengine wakaendelea na kawaida yao. Baada ya mwaka mmoja eGFR zao zilikuwa zimeshuka kwa kasi isiyotofautiana kwa maana yoyote. Kunywa kwa kiu, ongeza kwenye joto, homa au kazi ya jasho, na angalia mkojo uwe wa manjano mepesi. Maji mengi kwa makusudi yana maana kwa mwenye mawe ya figo, ambaye hutakiwa apate mkojo wa lita mbili hadi mbili na nusu kwa siku ili chumvi zisigande. Upande wa pili, anayemimina maji haraka kuliko figo zinavyoweza kutoa, ambayo hata kwa figo nzima ni lita moja hivi kwa saa, huizimua sodiamu ya damu mpaka ubongo ukavimba. Figo ikichakaa, kikomo hicho kinashuka.

Chumvi ndiyo ya kupunguza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isifike gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na iliyofichwa kwenye vyakula vya viwandani. Usikimbilie chumvi mbadala isiyo na sodiamu bila kumuuliza daktari; nyingi ni potasiamu.

Kuhusu presha, wengi hulenga chini ya 130 kwa 80 kwa mgonjwa wa figo anayeivumilia. Dawa zinazopendelewa kwa mwenye albumini ni za kundi la enalaprili au la losartani, kwa sababu hulegeza ile koki ya kutolea damu na kushusha shinikizo ndani ya fundo lenyewe. Ukianzishiwa, kreatinini hupanda kidogo, na mpaka asilimia 30 huvumiliwa. Wengi huacha dawa hapo wakidhani inawaua figo, kumbe kupanda huko kunaonyesha shinikizo limeshuka kama lilivyokusudiwa. Unachotakiwa ni kupima tena kreatinini na potasiamu baada ya wiki moja hadi nne, ukiona imezidi kiwango hicho urudi.

Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki ni kinyume chake. Koki ya kuingizia damu hushikiliwa wazi na prostaglandini, kemikali za mwili wenyewe, pale presha inapopungua, na dawa hizi huzima prostaglandini. Mtu anayetumia losartani na dawa ya kukojosha, akaharisha siku mbili, halafu akameza diklofenaki kwa mgongo, amefunga koki ya kuingizia, amefungua ya kutolea, na amepunguza maji ya damu kwa wakati mmoja. Zile milimita kumi za zebaki zimekwisha. Figo zake zinaweza kusimama ndani ya siku chache. Kwa maumivu ya kawaida paracetamoli kwa kipimo sahihi ni salama zaidi kwako. Na muulize daktari mapema, ukiwa mzima, dawa zipi usimamishe siku ukitapika au kuharisha usiweze kunywa. Usisubiri siku yenyewe.

Vidonge na dawa za mitishamba za "kusafisha figo" sina neno jema nazo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ubelgiji wanawake waliomeza vidonge vya mitishamba vya kupunguza mwili waliharibikiwa figo kabisa. Kulikuwa na mmea wenye asidi ya aristoloki ndani yake, na baadhi yao baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo. Figo ndiyo inayotoa mabaki ya unachomeza, kwa hiyo sumu hukolea ndani yake, kwenye mrija ule ule unaovuta maji nje na kuiacha ndani.

Chujio la kweli, kama lile la picha yako, lipo kwenye mashine ya dayalisisi, ile ya kusafisha damu ya mtu ambaye figo zake zimeshindwa. Lenyewe kwa kawaida hutumika saa nne kwa kipindi, mara tatu kwa wiki, jumla saa 12 kati ya 168. Linatoa urea, potasiamu na maji ya ziada vizuri, lakini haliokoti kwa kuchagua wala halitoi homoni, ndiyo maana aliye kwenye mashine bado huchomwa sindano za kuongeza damu na kupewa vitamini D iliyokamilishwa.

Hapo ulipo wewe ni mbali na huko. Rudia kreatinini miezi mitatu ikitimia, bila nyama usiku wa kuamkia kipimo, na siku hiyo hiyo toa mkojo wa uwiano wa albumini. Ongeza vipimo vya sukari, potasiamu na wingi wa damu, na ultrasaundi moja ya figo. Figo za kawaida zina urefu wa sentimita 10 hadi 12, na zilizosinyaa huonyesha tatizo ni la muda mrefu. Ikithibitika na albumini iko chini, kipimo kimoja kwa mwaka kinatosha. Ikiwa juu ya 30, au eGFR imeshuka kwa zaidi ya 5 ndani ya mwaka, omba rufaa kwa daktari wa figo. Lakini mkojo ukipungua ghafla mpaka chini ya mililita 400 kwa siku, au miguu ikivimba na pumzi kukatika ukilala chali, hayo usiyapangie miadi: nenda hospitali siku hiyo hiyo, na ubebe dawa zako zote, pamoja na zile ulizonunua mwenyewe.